Papa Sana: Shajara ya Viazi, Kutoka Isongole Hadi Huancayo

30 Mei 2025

Barua imeingia asubuhi, nikiwa shambani, matope hadi viwikoni. Wamekubali. Kuanzia Machi mwakani nitakaa miezi mitatu nikijitolea kwenye kikundi cha wakulima wa viazi juu ya mji wa Huancayo, nyanda za juu za Peru. Chumba na chakula ni juu yao, nauli ni juu yangu. Kazi yenyewe ni kuteua mimea ya mbegu ingali shambani, ile ambayo kikundi chetu hapa Isongole, mkoani Mbeya, tumeifanya misimu minne sasa: unapita mistari viazi vikiwa na maua, mmea wenye afya unaufunga kitambaa cha kitenge kikuukuu, na siku ya kuvuna unaanza na yenye kitambaa. Hiyo ndiyo mbegu. Iliyobaki inakwenda sokoni.

Tarehe imeangukia vizuri. Waperu wana siku yao ya viazi kila tarehe 30 Mei tangu 2005, na Umoja wa Mataifa ukaichukua tarehe hiyohiyo ikawa ya dunia nzima kuanzia 2024. Hapa kwetu hakuna aliyeadhimisha. Dalali alikuja na magunia yake ya lumbesa, akataka yajazwe mpaka yavimbe vilemba, tukabishana kama kawaida, akapata kilemba kidogo.

Nilipomweleza bibi, aliacha kumenya.

"Kujitolea kwa nani? Sisi huku tumekwisha?"

Nikamweleza tena.

"Na huko hawana viazi?"

"Bibi, viazi vimetoka hukohuko. Vimelimwa huko miaka elfu saba na zaidi."

Akafikiri kidogo. "Basi unampelekea mwenye ng'ombe maziwa."

Sikuwa na jibu. Naandika shajara hii ili akiniuliza tena niwe na cha kumwonyesha.

8 Juni

Binamu yangu alinipa kitabu cha Kihispania cha watalii. Ukurasa wa kwanza unaniagiza niombe chumba kinachotazama bahari. Huancayo ipo karibu mita 3,260 juu ya bahari, kwa hiyo bahari haitakuwa shida yangu. Nimekifunga, nimeanza upya kwa viazi.

Kiazi ni *papa*. Nilicheka peke yangu jikoni. Kwetu papa ni samaki wa meno, au ni Baba Mtakatifu wa Roma. Wala neno si la Wahispania, walilikuta kwa Wakechua wakalichukua. Kwao Hispania wanasema *patata*. Mbegu ni *semilla*, jani ni *hoja* (hiyo j inatoka kooni kama kh ya kheri), jembe ni *azadón*. Ugonjwa wa ukungu, ule unaobabua majani kwa siku chache mvua zikikazana, Peru wanauita *rancha*. Kumbuka neno hilo, litarudi kunisumbua.

Halafu nikakutana na kivumishi kimoja: *sana*. Maana yake ni yenye afya. *Semilla sana*, mbegu isiyo na ugonjwa. *Papa sana*, kiazi kizima kisicho na doa. Nimeyaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya mbegu, herufi kubwa: PAPA SANA. Mdogo wangu akapita akasoma, akauliza papa wamezidi wapi.

22 Juni

Mwalimu nimempata. Ni daktari mstaafu anayeishi Uyole, alisomea udaktari Kuba enzi zile vijana wetu walipokuwa wakipelekwa. Pesa hataki. Anataka debe la viazi kila mwezi, "na siyo vile vya golori, mwanangu." Anasema Kihispania chake kimelala muda mrefu, tutakiamsha wote wawili.

Kimeamka na mambo yake. Kihispania cha Kuba humeza s, *está* inabaki kama *etá*, na yeye mwenyewe ananionya kwamba Waperu wa milimani wanaitamka s yote hadi mwisho. Basi analiita *guagua*. Nikaenda nikaangalia: kwenye milima ya Andes *guagua* ni mtoto mchanga, kutoka Kikechua *wawa*. Kwa maana hiyo ningefika stendi nikauliza mtoto mchanga wa kwenda Lima anaondoka saa ngapi.

Na saa nazo. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo *las siete* ya asubuhi ni saa moja yetu. Tulipanga somo la kwanza kwa Kihispania ili nizoee, nikamwandikia *a las dos*, nikimaanisha saa mbili asubuhi. Nikafika saa mbili. Yeye aliniandalia chai saa nane mchana.

4 hadi 13 Julai, kwa shangazi, pembezoni mwa Kitulo

Hii nilikuwa naisubiri. Wakulima wa Andes wana chakula kinaitwa *chuño*: Juni na Julai wanatandaza viazi nje usiku vigande kwa sakitu, mchana vinayeyuka juani, wanavikanyaga kwa miguu kukamua maji, wanarudia siku kadhaa mpaka vinabaki vikavu, vyepesi kama kizibo. Vikishakauka vinakaa ghalani miaka. Nikasema sakitu hata sisi tunayo. Kitulo ni mita 2,600 hivi, na Juni na Julai nyasi huamka nyeupe. Huku sakitu ni msiba, inaunguza viazi vya bondeni usiku mmoja. Kama kuna watu wameigeuza kuwa jiko, mimi nijaribu.

Debe moja, vidogo vidogo, juu ya nyasi nyuma ya zizi. Pembeni nikaweka bakuli la maji kama kipimo.

Usiku wa kwanza bakuli lilipata ngozi ya barafu. Viazi asubuhi vilikuwa mawe matupu, ukivigonga vinalia. Mchana jua likawaka, vikalegea. Nikavua viatu, nikaanza kukanyaga, maji yakachuruzika rangi ya chai. Watoto wa shangazi waliona ni mchezo, wakaingia wote wanne. Nimefurahi kuliko siku yoyote ya mradi huu.

Usiku wa pili barafu ilikuwa nyembamba, viazi vimeganda nusu.

Usiku wa tatu ukungu ukapanda kutoka bonde la Usangu, ukatanda. Hakuna sakitu. Wa nne vilevile, na manyunyu juu yake. Siku ya tano harufu ilianza. Siku ya sita shangazi akasimama mlangoni na kanga puani, akasema kwa upole, "Mwanangu, hiki chakula chenu, tumpe nguruwe?" Tukampa nguruwe. Nguruwe alinusa, akageuka.

Nimeelewa kosa langu. Chuño inataka usiku wa barafu kali mfululizo na jua kavu kila siku, kitu ambacho wao wanakipata juu kabisa, mita 3,800 na zaidi, ambako Julai mawingu ni adimu. Pia mara nyingi wanatumia viazi vya asili vichungu vinavyostahimili baridi, ambavyo bila kugandishwa na kukaushwa namna hiyo havilikiki. Mimi nilipeleka kiazi cha chipsi kikapambane na sakitu.

Vipande kumi na kimoja niliviokoa, nikavikaushia juu ya kichanja cha jikoni. Vimekuwa vyeusi. Nikavipiga picha, nikamtumia mama mwenyeji wangu wa kule, yule ninayewasiliana naye kwenye WhatsApp. Alinijibu kwa sauti. Nusu dakika ni kicheko, kisha maneno mawili niliyoyaelewa bila msaada wa daktari: *parecen carbón*. Vinafanana na makaa.

Agosti yote

Makaratasi. Pasipoti ni 150,000 na haina shida ukiwa na vielelezo. Shida ilikuwa vielelezo. Jina la ukoo kwenye cheti changu cha kuzaliwa lina *l*, kwenye kitambulisho cha taifa lina *r*. Aliyeandika cheti alimsikiliza mama, aliyeandika kitambulisho aliamua kumsahihisha. Herufi moja imenigharimu kiapo kwa wakili, safari tatu za mjini na siku mbili za kupiga dawa. Hati ya tabia njema ya polisi: alama za vidole, na kusubiri.

Sitaandika zaidi kuhusu Agosti.

14 Septemba

Leo nimetoka Uyole nimelewa sarufi.

Nilikuwa nimeambiwa Kihispania ni kigumu, na waliosema hivyo wote walikijia kupitia Kiingereza. Kwa mtu wa Kiswahili mlango uko wazi. Irabu ni tano, zilezile, zinasomwa kama zilivyoandikwa. Mkazo kwa maneno mengi uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Mtenda yuko ndani ya kitenzi: *hablo*, *hablas*, nasema, unasema, hakuna haja ya kutaja mimi na wewe kila mara. Mtendwa hukaa mbele ya kitenzi: *te quiero*, na-ku-penda. Hata ile hali ya kutaka jambo litendeke, inayowatoa jasho wengine, sisi tunayo kwa *-e* yetu: nataka uje, *quiero que vengas*.

Kisha wana vitenzi viwili vya "kuwa", *ser* na *estar*, na daktari anasema wenzake darasani Kuba walilia kwa ajili ya hivyo viwili. Mimi nilivipita nikitembea. *Soy de Isongole*, mimi ni wa Isongole. *Estoy en Uyole*, niko Uyole. "Ni" na "-ko", basi. Nikamuuliza, na *estoy cansada* je? Hapo hakuna "-ko". Akatikisa kichwa, hakuwa amelifikiria. Tukakaa kimya, chai ikapoa, mpaka nikaliona mwenyewe: nimechoka. Ni ile *-me-* yetu. *Está podrida*, kimeoza. *Está madura*, kimeiva. Palipo na *estar* na "-ko" haifiki, jaribu "-me-", mara nyingi inakubali. Daktari alisimama akanipa mkono kama mtu aliyefaulu.

Ndipo akanitolea ya pili. Waarabu walianza kuingia Hispania mwaka 711, na dola lao la mwisho huko likaanguka 1492. Waliacha maneno. Sisi nasi tulipata yetu kwa Waarabu kwa njia ya pwani. Kwa hiyo kuna maneno ambayo ni ndugu wa baba mmoja wasiojuana. *Fulano* ni fulani. *Azúcar* ni sukari. *Hasta* ni hata, tena kwa kazi zake zote mbili: hata kesho yake, na hata mimi. *Ojalá*, wanayosema wakitamani jambo, ni jirani wa inshallah. Na hii kwa mkulima ndiyo tamu: kipimo chao cha gunia, *arroba*, kilo kumi na moja na nusu, ni robo. Robo ya *quintal*. Hiyo alama ya @ kwenye barua pepe nayo wanaiita *arroba*. Nimekuwa nikiandika robo kwenye anwani yangu miaka yote.

Tahadhari moja ya sokoni: *pera* si pera. Pera letu wao ni *guayaba*.

18 Oktoba

Tumeanza kupanda, mvua za kwanza bado hazijaamua. Kule Huancayo nao wanapanda miezi hii. Sote tuko kusini mwa ikweta, sisi digrii tisa, wao kumi na mbili, na misimu inakwenda pamoja. Mama mwenyeji ananitumia picha za matuta yake, namtumia ya kwangu. Udongo wake mweusi kuliko wetu, na nyuma milima haina miti.

Sasa yale mabaya. Kinyakyusa hakina r. Mlima tunaouona kila siku ramani zinauita Rungwe, wazee wetu wanauita Lungwe. Shuleni nilichekwa kwa kusema "lais" mpaka nikajifunza kunyamaza mbele ya neno lenye r. Niliamini limepita. Kihispania kimelifukua: kuna *pelo*, nywele, *pero*, lakini, na *perro*, mbwa. Tatu tofauti, na moja inataka ulimi utetemeke kama pikipiki. Nilitaka kusema "nataka kwenda, lakini sina pesa", daktari akasikia nataka kwenda nywele. *Caro* ni ghali, *carro* ni gari. Kwangu zote ni *calo*, ambayo si kitu. Na *rancha*, neno la kwanza la kazi niliyoitiwa, linatoka *lancha* kila mara. Lancha ni mashua. "Majani ya viazi yangu yana mashua."

Nilimtumia mama mwenyeji sauti nikaomba radhi mapema, nikamwambia ulimi wangu una kasoro hiyo. Jibu lake lilichukua siku mbili na nimelisikiliza mara nyingi. Yeye lugha yake ya nyumbani ni Kikechua. Kikechua kina irabu tatu tu, a, i na u. Kwa hiyo akizungumza Kihispania *e* na *i* zinamchanganya, *o* na *u* vilevile, anataka kusema meza, *mesa*, inatoka *misa*, ibada ya kanisani. Lima wanamcheka. Kikechua kilifanywa lugha rasmi mwaka 1975, lakini kicheko, anasema, hakijapata hiyo barua. Akamaliza: wewe njoo na *l* zako, mimi nina *i* zangu.

9 Novemba

Kikao cha kikundi kuhusu nauli. Kirefu, kikali mahali. Wanachama kumi na wanne, na mmoja aliuliza kwa haki kabisa kwa nini pesa ya viazi vya Isongole impeleke mtu mmoja Peru. Nilijibu nilivyoweza: nusu ni akiba yangu, robo (*arroba!*) ni mkopo nitakaoulipa kwa mavuno, na robo naiomba kwao kwa ahadi ya kurudi na mafunzo. Ilipita kwa kura tisa. Watano nawaelewa.

Kilichonikaa zaidi ni mzee mmoja aliyekumbusha wale vijana wa Ulaya waliokuja shule yetu ya msingi nikiwa darasa la tano. Walikaa wiki tatu, wakapaka rangi madarasa mawili yaliyokuwa na rangi, wakapiga picha nyingi nasi, wakaondoka wakilia. Tuliimba wimbo. Mafundi rangi wa kijiji walikaa kivulini wakitazama. "Usiwe wewe," mzee akasema.

Usiku nikamwandikia mama mwenyeji moja kwa moja, kwa msaada wa kamusi: nani aliniomba, na mkiwa na wataalamu huko mimi nawafaa nini? Peru ndiko kilipo Kituo cha Kimataifa cha Viazi, tangu 1971, pale Lima. Kiazi chetu kiitwacho Asante kina damu ya vitalu vyao, na Waganda wanakiita Victoria. Maswali yangu ni yale ya bibi, nimeyavika Kihispania tu.

15 Novemba

Amejibu. Viazi vya asili wanavyo, aina hazihesabiki; Andes nzima zinapita elfu nne. Hivyo wanavitunza kwa heshima, kila kimoja kina jina. Ila kile cha soko, cheupe, ndicho kinacholipa ada za shule, na hicho wamekuwa wakirudia mbegu yake kutoka ghalani mwaka baada ya mwaka, virusi vimejaa, mavuno yanashuka. Mabwana shamba wamewaeleza kuteua mimea, kwa karatasi nzuri. Wakulima hawakufanya. Halafu mtaalamu mmoja aliyewahi kupita Uyole akawaonyesha video ya kikundi chetu, na kwenye video akinamama walimwona mwanamke wa tope magotini anafunga kitambaa kwenye mmea na kuugombeza ule wa jirani yake ulio mgonjwa. Wakasema, huyo.

Nimemsomea bibi kwa Kiswahili. Akasema, "Kwa hiyo wameona unavyogombeza viazi." Akaendelea kumenya.

6 Desemba

Chanjo ya homa ya manjano, kadi ya njano mkononi. Inaanza kutambulika siku kumi baada ya sindano na, kwa kanuni za tangu Julai 2016, inatosha maisha yote. Huancayo kwenyewe mbu huyo hafiki. Chanjo inashauriwa kwa wanaoshuka maeneo ya chini ya mita 2,300, upande wa Amazon. Nimechanja hata hivyo. Mipango ya safari haiaminiki.

Kinachonitisha ni hewa. Basi linatoka Lima, usawa wa bahari, linapanda mpaka kilele cha Ticlio, mita zaidi ya 4,800, ndipo linashuka Huancayo, yote katika siku moja. Ugonjwa wa mwinuko wanauita *soroche*: kichwa, kichefuchefu, pumzi fupi. Daktari ameniagiza nilale Lima kwanza, siku ya basi nile kidogo, ninywe maji mengi, na nikifika nisibebe kitu siku mbili. Chai ya majani ya koka wenyeji watanipa, ni halali kwao. Kurudi nayo ni kesi.

Jumamosi nilipanda Kilele cha Mbeya kujipima, zaidi ya mita 2,800. Nilifika juu nikihema lakini nikicheka. Kisha nikakumbuka kuwa juu pale bado ni chini ya chumba nitakacholala.

17 Januari 2026

Mvua siku ya kumi na moja bila kupumzika. Ukungu umeingia shamba la chini, majani yana madoa meusi yenye ukingo mweupe asubuhi. Tumepiga dawa kati ya manyunyu. Maua yametoka shamba la juu, kwa hiyo jana na leo tumefunga vitambaa, na nimefanya kazi yote kwa Kihispania kwa sauti, peke yangu, wenzangu wakinistahimili. *Esta planta está sana. Esta no. Esta tiene virus, mira la hoja.* Huu mzima. Huu hapana. Huu una virusi, ona jani.

Nikamtumia mama mwenyeji video ya shamba la chini, nikasema kwa tahadhari yote, ulimi juu, pumzi tayari: *tenemos lancha*. Mashua tena. Nikaifuta, nikarudia mara sita, zote mashua. Ya saba nikaituma nikiwa nimekata tamaa.

Asubuhi jibu lilikuwepo. Anauliza nimejifunzia wapi kusema kama mtu wa Ecuador. Mpaka ukivuka kaskazini, Ecuador, wakulima wa viazi hawasemi *rancha*. Wanasema *lancha*. Ugonjwa uleule.

Nimetoka nje mvuani nikasema neno hilo kwa sauti kubwa mpaka mbwa akabweka. *Perro.* Hilo nalo nimelisema vizuri.

8 Februari

Bibi alikuwa ameandaa zawadi: viazi vya aina ya Kikondo, vimechaguliwa kimoja kimoja, kwenye kikapu. Nilimweleza kwamba kiazi kibichi hakivuki mpaka. Sheria za karantini za Peru haziruhusu hivihivi, na kwa haki: mnyauko wetu hawauhitaji, wana wao. Alikasirika kidogo. Mkungu wa ndizi? Hapana, Bibi. Mahindi ya kuchoma? Hapana. "Sasa unakwenda kwa watu mikono mitupu?"

Nimebeba majani ya chai ya Rungwe, ya pakiti iliyofungwa kiwandani, na vitenge viwili vya mama mwenyeji na binti yake. Vile vipande kumi na kimoja vyeusi navitamani, lakini vinabaki.

22 Februari

Viza imetoka. Sitaeleza ilivyotoka.

1 Machi

Basi la Dar ni kesho alfajiri. Begi lina kilo kumi na nane. Daktari amekuja kuniaga na kuchukua debe lake la mwisho, akasema *que te vaya bien*, s haikuwepo hivyo hakuwa na cha kumeza.

Saa tatu usiku bibi akaniita chumbani kwake. Juu ya kitanda amekata kile kitenge chake cha bluu, kile cha harusi ya mama yangu, vipande vyembamba vya urefu wa mkono, vimefungwa mafungu kwa uzi.

"Hivi vinavuka?"

"Vinavuka, Bibi."

"Vya kwanza vifunge wewe. Halafu uwaachie." Akanisaidia kuvisukuma pembeni mwa begi. "Na ukiiona hiyo lancha yao, unipigie simu niijue inafananaje."

Vipande 212. Nimevihesabu mara mbili.